Mibuni Tuliyoivisha Pete

Jirani yangu hapa Engutoto ana mgrevilea uliomshinda. Majani yake yanaziba mifereji ya bati, kuukata ni mpaka apate kibali, na kibali nacho kina safari zake. Basi wiki iliyopita akaleta mtu mwenye kisu. Nilikuwa naanua nguo nikasikia kwaru, kwaru, kwaru, kisu kikikwangua gome upande wa pili wa ukuta, kisha upepo ukaniletea harufu ya gome bichi, harufu ya majimaji kama ya maganda ya maharage mabichi. Sikuhitaji kuchungulia. Niliacha nguo kwenye kamba, nikaingia ndani, nikakaa jikoni nimefunga mlango, mtu mzima na heshima zangu.

Kazi ile naijua. Niliifanya nikiwa darasa la sita, na niliifanya vizuri kuliko wenzangu wote. Mume wangu hajui. Watoto wangu hawajui. Ninyi nawaambia kwa sababu nimechoka kulibeba jambo hili peke yangu.

Shule yetu ilikuwa juu ya Tengeru, kwenye mteremko wa Meru, pale ambapo mwezi wa saba ukungu hushuka alfajiri na kukaa mpaka saa nne. Tulipiga mstari miguu mitupu, tukinyanyua mguu mmoja na kuushusha, kisha mwingine, kwa ile baridi ya nyasi. Madawati yalikuwa machache na wengi wetu tulikalia matofali. Lakini shamba lilikuwa kubwa. Bado ilikuwa dunia ya Elimu ya Kujitegemea: siku mbili kwa wiki tulikwenda shule na jembe badala ya daftari, na aliyesahau jembe alichapwa sawasawa na aliyesahau jedwali la saba. Tulijifunza kupanda kwa kamba, kugeuza samadi, kutambua ugonjwa wa chulebuni kwenye tunda la kahawa na kutu kwenye jani lake. Mwenzetu mmoja, Zaituni, alihamia kutoka Ngarenaro baba yake alipofungua duka karibu na soko. Siku yake ya kwanza mwalimu alituambia tuchore mbuni na kuonyesha sehemu zake. Zaituni akachora ndege, na shingo yake ndefu, na mayai mawili kando. Tulimcheka wiki nzima. Yeye alitujibu kwamba angalau mbuni wake anatembea.

Mibuni ile ya shule, ukitaka kweli, ilikuwa ya babu yangu. Si kwa hati. Shule ilipojengwa yeye ndiye aliyetoa miche kwenye kitalu chake, akaipanda pamoja na wazazi wenzake, na tangu hapo kila baada ya mavuno alikuja na mkasi wake kuipogoa bila kuitwa na bila kulipwa. Kihamba chetu, shamba la nyumbani la migomba na kahawa, kilipakana na shamba la shule. Katikati palikuwa na mfereji mdogo wa maji tu. Mimi nililelewa pale na Babu na Bibi, kwani baba na mama walikuwa Moshi kikazi. Watu walimwita Baba Kahawa. Aliyetaka miche ya kuaminika alikuja kwake, hata kutoka ng'ambo ya mto, na Babu angemtembeza kitaluni taratibu, akimtajia kila mche na mama yake, mpaka mgeni wa watu achoke. Alikuwa mtu wa maneno machache, na mengi ya hayo machache yalihusu kahawa.

Kisha ikaja miaka ya ruksa. Mitumba ikawa ruksa, redio za nje zikawa ruksa, sabuni ikarudi madukani na watu wakasahau kupanga foleni. Malori yakaanza kupanda mpaka sokoni kwetu siku za Jumatano na Jumamosi kununua nyanya, na mwenye kabustani ka nyanya akaonekana na viatu vipya. Kila kitu kilikuwa ruksa isipokuwa kimoja: kung'oa mbuni. Bei ya kahawa ilikuwa imeanguka, ushirika ulilipa leo nusu na kesho hadithi, lakini sheria ilibaki palepale. Ukiung'oa mbuni unashtakiwa. Watu wakabaki na miti isiyowalisha na wasiyoruhusiwa kuiondoa.

Mwalimu wetu wa kilimo alikuwa Mwalimu Zakayo. Sikumwona kuwa mtu mbaya, na hata leo, baada ya yote, siwezi. Koti lake lilikuwa na viraka viwili mgongoni na chaki moja aliivunja mara tatu ili itoshe wiki. Asubuhi moja ya mwezi wa pili, kabla ya masika, alitupeleka darasa zima shambani akiwa na visu vidogo kwenye kikapu. Alituambia kwamba siku hiyo tungejifunza jinsi mti unavyokula, na kwamba tungeivisha mibuni pete. Wasichana tulicheka tukiwa tumefunika midomo, maana kwetu aliyevishwa pete ni binti anayekaribia kuolewa.

Alichuchumaa kwenye shina la kwanza akatuonyesha. Kwanza unafukua udongo kwa vidole, taratibu, mpaka uone mahali shina linapoanza kuwa mzizi. Hapo ndipo unapozungusha kisu, mzunguko mmoja, kisha mwingine chini yake kwa upana wa kidole gumba, na gome la katikati unalikwangua mpaka mti ubaki mweupe na kuteleza. Chakula kinachotengenezwa na majani hushuka kwa njia ya gome, akasema, na hapo sasa hakiwezi kupita. Ukimaliza unapaka tope, unarudisha udongo, unaukanyaga, unatawanya majani makavu juu. Mmoja wetu aliuliza kama mbuni hautakufa. Mwalimu Zakayo akasema hauuawi, unapumzishwa, na alipokuwa akisema alikuwa anafuta kisu kwenye suruali yake.

Ninyi mtasema watoto wa darasa la sita, wajukuu wa wakulima, tulijua. Tulijua. Tulijua pia kwamba nyanya hukomaa kwa miezi mitatu na kwamba tulikuwa tunakalia matofali.

Sasa, mimi ni mtu wa mkono wa kushoto. Darasani nilichapwa vidole mpaka nikajifunza kuandika kwa mkono wa kulia, na nyumbani Bibi aliniondolea kijiko mkono ule mara zisizohesabika. Shambani hakuna aliyejali. Nilishika kisu kwa kushoto, na pete yangu ya kwanza ikatoka safi, imekutana mwanzo na mwisho bila kupishana. Mwalimu Zakayo alisimama juu yangu. Kisha akawaita wenzangu wote waache kazi, waje waone.

"Hii ndiyo kazi," alisema. "Angalieni mkono wa Elinami."

Nilijisikia joto masikioni. Mkono ule haukuwahi kusifiwa na mtu tangu nizaliwe. Nilipomaliza mstari wangu akaniongezea mistari miwili zaidi, ile ya kando ya mfereji, iliyotazamana na kihamba chetu, nami niliimaliza kabla ya kengele. Kabla hatujarudi darasani alitupanga na kutuambia kwa sauti ya chini kwamba atakayetuuliza, tumjibu kwamba ni mnyauko. Ugonjwa wa mnyauko. Akatufanya tulirudie neno hilo kama tulivyorudia majina ya mikoa.

Masika yakapita. Kufikia mwezi wa sita majani yalikuwa ya njano, na mwezi wa saba, kwenye ule ukungu, yakaanza kudondoka yenyewe. Bwana shamba alikuja, akauliza, tukamjibu kwa pamoja, akaandika, akaondoka.

Babu aliiona mibuni ile Jumapili baada ya ibada. Aliingia shambani na suti yake ya kanisani, na mimi nilikuwa nyuma yake na Biblia yake mkononi. Alishika jani moja, akalipindua, akaenda kwenye mti mwingine, akapindua tena. Alitembea mistari yote namna hiyo. Nyumbani Bibi alimwekea loshoro, mahindi ya kuchemsha na mtindi, na kibuyu kikakaa pale bila kuguswa. Ndipo akaniuliza shuleni wanasemaje. Nikamjibu kwamba ni mnyauko, Mwalimu amesema.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," Babu alisema. "Mngeniambia mapema."

Wakati ule yeye alizungumzia miti tu.

Kesho yake alishusha bomba lake la kupulizia dawa kutoka darini, akanunua mrututu na chokaa, akaanza kutibu. Alikuwa na umri wa zaidi ya miaka sabini. Kila mchana nilipotoka darasani nilimkuta amebeba bomba lile mgongoni, amelowa, mikono imegeuka rangi ya bluu mpaka viwikoni, anapulizia mti mmoja baada ya mwingine. Kazi yangu ilikuwa kumchotea maji kwenye mfereji. Nilibeba ndoo kichwani nikapita kwenye mistari niliyoikata mwenyewe, nikamwekea miguuni, naye akawa ananifundisha: dawa iingie chini ya jani, si juu, na usipulizie kukiwa na upepo. Alisema lazima auzuie ugonjwa huu usivuke mfereji, kwani ukivuka utaingia kwenye kihamba, na ukiingia kwenye kihamba utaingia kwenye kitalu, na kutoka kwenye kitalu chake utakwenda kwa kila mtu aliyemwamini. Alichimba hata mtaro wa kuuzuia. Usiku nilimsikia akikohoa ile dawa.

Wiki mbili alifanya hivyo. Wiki mbili nilichota maji. Nilikuwa na nafasi ya kusema kila nilipoitua ile ndoo, na kila nilipoitua nilirudi mferejini kujaza nyingine. Mwalimu Zakayo alitutazama kutoka dirisha la ofisi ya walimu, kisha akawa anafunga dirisha.

Jumamosi moja nilikwenda na Bibi sokoni. Tuliporudi, bomba lilikuwa limeoshwa na kutundikwa kichwa chini, na Babu alikuwa amekaa kwenye kigoda kando ya kitalu. Kucha zake zilikuwa na udongo mweusi. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila kuinua macho. Kisha akaniomba nikae pale mbele yake nimenye ndizi za jioni. Niliona ajabu, kwani ndizi zilimenywa jikoni, lakini nikaleta kikapu na kisu nikakaa. Alinitazama nikimenya ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hakutazama ndizi. Alitazama mkono.

"Mama," alisema. Aliniita hivyo alipokuwa mpole sana. "Huo mnyauko, wewe uliuona ukianza?"

"Hapana, Babu."

"Hukuona chochote?"

"Sikuona."

Nikamenya ndizi mbili nyingine.

"Haya," alisema, akaenda kunawa.

Juma lililofuata mwenyekiti wa kijiji alitangaza kwamba wataalamu wa wilaya wanakuja kuchimbua mashina ya shule, kwani kuna watu wameanza kusema kuwa huo si ugonjwa. Wakikuta mkono wa mtu, alisema, sheria itafuata mkondo wake, na kama ni watoto, wazazi na walezi wao watajibu pamoja na mwalimu. Siku ile Mwalimu Zakayo alianza somo la hesabu akashindwa kulimaliza. Alisimama amegeukia ubao na chaki mkononi mpaka kengele ikalia. Mimi nilirudi nyumbani nikajifunika blanketi mchana kweupe, nikamwambia Bibi naumwa tumbo.

Asubuhi yake niliamshwa na moshi. Babu alikuwa ameikata mistari yake miwili ya kwanza, ile iliyopakana na mfereji, mibuni aliyoipanda kabla baba yangu hajazaliwa. Ilikuwa mibichi, imebeba. Aliing'oa na mizizi, akairundika na kuiwasha kwa mafuta ya taa, na matunda mekundu yalikuwa yanapasuka ndani ya moto. Alimtuma mtu akamwite mwenyekiti. Mwenyekiti alipofika na watu nyuma yake, Babu aliwaambia kwamba mnyauko umevuka, umefika kwake, na kwamba ugonjwa ule hausubiri wataalamu. Miti yote ya shule ing'olewe leo, mizizi na yote, na ichomwe, la sivyo itamaliza kijiji.

Nani angembishia? Kama Baba Kahawa anachoma kahawa yake mwenyewe, basi ugonjwa upo. Kufikia jioni shamba la shule lilikuwa majivu. Wataalamu walipokuja walikuta mashimo, wakaandika walichoambiwa, wakarudi mjini. Mimi nilishukuru Mungu kwa ule mnyauko. Mnaona nilivyokuwa? Nilikuwa nimelisema lile neno mara nyingi hata likanidanganya mimi mwenyewe, na nikaamini kwamba pamoja na pete zetu kulikuwa na ugonjwa wa kweli, uliotokea kwa bahati wakati ule ule na kutuokoa.

Nyanya tulizopanda pale zilistawi vizuri mno. Malori yalikuja, na mwaka uliofuata tukapata madawati, na mimi nikakalia moja lililonukia vanishi. Mwalimu Zakayo alihamishwa, au aliomba kuhama, sikumbuki.

Kitaluni kwa Babu hakuja mtu. Nani achukue mche kwa mtu ambaye kahawa yake imeingia mnyauko? Watu hawakumsema vibaya, walimwonea huruma, na huruma ile ilikuwa mbaya kuliko maneno. Walimwamkia, wakamuuliza hali, wakaenda kununua miche kwingine. Miche yake ilirefuka ndani ya vifuko mpaka mizizi ikatoboa chini na kushika ardhi, naye hakuing'oa. Kanisani alianza kwenda kwa njia ya mbali, ya kuzunguka mto, ili asipite shuleni. Mkasi wa kupogoa alimpa mjomba wangu.

Kila nilipokuwa nyumbani aliniuliza swali lilelile kwa njia mbalimbali. Shuleni hakuna jipya la kunieleza? Hakuna jambo linalokusumbua, mama? Nilipoanza sekondari aliniuliza tena nikiwa nafunga sanduku, amesimama mlangoni na kofia mkononi. Nilimjibu hakuna, Babu, na nilimjibu kwa kuudhika kidogo, maana niliona uzee umemfanya arudierudie maneno. Alifariki nikiwa kidato cha tatu. Nilifika nikakuta amekwisha kuzikwa.

Miaka mingi baadaye nilimpelekea Bibi mtoto wangu wa kwanza. Tulikaa jikoni tukimenya ndizi, mtoto katikati yetu, naye akanyoosha mkono wa kushoto akashika ganda. Bibi alicheka. Kisha akaacha kucheka na kuniambia, kama mtu anayenikumbusha jambo tunalolijua wote, kwamba Babu aliujua mkono ule hata chini ya udongo. Alifukua mashina matatu ya kando ya mfereji siku tuliyokwenda sokoni. Alama za kisu cha mtu wa kushoto hulala upande wa pili, na pale kijijini watoto wa kushoto hawakuwa wengi. Usiku ule alimwambia Bibi, ni Elinami. Kihamba chake hakikuwa na ugonjwa wowote. Alichoma ile mistari miwili ili wasichimbe mashina ya shule.

Bibi aliendelea kumenya.

"Hakukukasirikia," alisema. "Alikuwa anangoja umwambie. Kila ulipoondoka alinambia, safari hii alikuwa karibu kusema."

Nikamuuliza kama alikufa akingoja. Bibi alisema hapana. Siku za mwisho, hospitalini, Babu alimuuliza kama nimeshasema, naye akamjibu ndiyo: mtoto alikuja likizo, akaniambia mimi yote, akalia sana. Babu akasema vizuri, akageukia ukutani akalala.

Hapo ndipo nilipomweleza, tangu kikapu cha visu mpaka ndoo za maji. Alikuwa anajua kila kitu, lakini aliweka kisu chini akasikiliza mpaka mwisho. Nilipokuwa nasema ndipo nilipoelewa mwenyewe kilichonifunga mdomo miaka yote ile. Watoto wengine huficha kosa kwa kuogopa fimbo. Babu hakuwahi kunichapa, na hata nilipokuwa nimejifunika blanketi lile nilijua asingenichapa. Ila ningesema ile kazi ni mbaya, ningebaki na nini? Ilikuwa kazi pekee ambayo mkono wangu uliwahi kusifiwa. Nilimwacha mzee apulizie dawa miti iliyokufa ili nisipoteze sifa ya siku moja. Nilimwambia Bibi hivyo, kwa maneno hayohayo.

Bibi aliokota kisu chake, akamenya ndizi nyingine. Mtoto alikuwa anatafuna ganda na hakuna kati yetu aliyemwondolea.

"Mimi nilimwambia Babu uliogopa," alisema.